Jiwe la Bibi tuandike mwaka gani, na ulanzi wake tuutaje?

Mama, shikamoo.

Naandika nikiwa Mafinga, ila shida yenyewe iko kijijini kwetu, huku huku Mufindi. Wote ambao ningewauliza ndio wanaovutana, kwa hiyo nimekuja kwako.

Bibi yangu mzaa baba alifariki Julai 2024. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Alikuwa mfupi, sauti kubwa, na salamu yake ya "Kamwene" ilisikika toka ng'ambo ya bonde. Asubuhi za mwezi wa sita, ukungu umefunga mpaka banda la kuku halionekani, yeye keshatoka, jembe begani, anaelekea kwenye kinyungu chake, bustani yake ya kule bondeni. Mbegu yake ya mahindi aliitundika juu ya jiko ikapigwa moshi hadi msimu. Bwana shamba alipomletea mbegu chotara, H614, aliipanda, akaisifu, na ile ya juu ya jiko akaendelea kuipanda pembeni. Miaka ya mwisho hakuweza kuinama, basi akawa anakaa kwenye gunia anang'oa magugu kwa mkono. Ukimkataza anakuuliza, "Mahindi mabichi ya Desemba mtakula ya nani?"

Mwezi wa nane mwaka huu ukoo mzima unakutana kujengea kaburi na kufanya ibada ya shukrani. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu na kuusoma, eti kwa sababu nimesoma. Nimesomea uhasibu, Mama, lakini kwetu aliyesoma amesoma.

Jambo la kwanza ni mwaka wa kuzaliwa. Baba mkubwa anasema Bibi alizaliwa 1918, maana mwenyewe alikuwa akisema alikuwa mdogo wakati wa vita ya Mjerumani. Ameshamwambia fundi wa jiwe aandike hivyo, na kwenye kundi letu la WhatsApp watu wanaandika "Bibi wa miaka 106" wakiweka na mataji. Kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, kinasema 1 Januari 1930. Kadi ya ubatizo haina tarehe ya kuzaliwa, ina mwaka wa ubatizo tu, 1950, na pembeni pameandikwa "binti". Shangazi mkubwa, ambaye ndiye kifungua mimba, anasema yeye aliambiwa alizaliwa mwaka lile fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliporudishwa Kalenga. Baba mdogo, kitinda mimba, alizaliwa askari walipokuwa wanaondoka kwenda kumpiga Amini. Nikijaribu kusema kwamba 1918 haikai vizuri, naambiwa namshusha Bibi.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Babu alikuwa manamba, alikwenda Tanga kwenye mkonge, akirudi anakaa kidogo, anaondoka tena. Miaka mingine hakutuma hata shilingi. Bibi aligema ulanzi, pombe ya mwanzi. Hata baada ya watu kuhamishiwa kijijini mwaka 1974, alikuwa anarudi kule mahame asubuhi na jioni kugema, kwa sababu milanzi yake ilibaki huko. Ulanzi huo ndio ulionunua sanduku la bati, blanketi na nauli Baba mkubwa alipochaguliwa kwenda sekondari mwaka 1972. Bibi mwenyewe alinisimulia, na wala hakunong'ona.

Sasa Baba mkubwa ni mzee wa kanisa. Nilimsomea rasimu ya kwanza kwa simu. Nilipofika kwenye ulanzi akanikatiza: "Hayo ya pombe yaondoe. Andika alikuwa mkulima na Mkristo mwaminifu." Baba yangu ananyamaza. Shangazi anasema wakiyaondoa, yeye hasimami kuimba. Ninachobakiwa nacho ni rasimu yenye majina ya wajukuu na shahada zao kurasa mbili, na ugonjwa wake wa mwisho ukurasa mmoja. Nikiisoma simwoni Bibi humo.

Nifanyeje, Mama?

Mjukuu, Mafinga


Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba, hata kama umepita mwaka.

Tuanze na mwaka, kwa sababu huo una jibu na jibu lenyewe umeniandikia wewe bila kujua.

Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa Kalenga Juni 1954, gavana wa Kiingereza, Twining, akalileta mwenyewe. Hilo halina ubishi, na kwa watu wa Iringa wa rika lile lilikuwa tukio ambalo hata aliyekuwa shambani alilisikia. Basi Shangazi yako ni wa 1954. Vita ya Kagera, hiyo ya kumpiga Amini, ilianza mwishoni mwa 1978, kwa hiyo Baba mdogo ni wa hapo. Sasa chukua hesabu yako ya uhasibu uiweke kazini. Kama Bibi ni wa 1918, alimzaa mtoto wa kwanza akiwa na miaka 36 na wa mwisho akiwa na 60. Ya kwanza ni ngumu kwa binti wa kijijini enzi zile. Ya pili haiwezekani, na Baba mkubwa akitulia atakubali, maana ana mke na mabinti. Tena kadi ya 1950 inamwita binti. Mwanamke wa miaka 32, hapa Mufindi, mwaka 1950, nani angemwandika binti?

Rudi upande wa pili. Ukimpa miaka 16 hivi alipobatizwa, unapata 1934. Alipomzaa Shangazi ana 20, alipomzaa Baba mdogo ana 44. Kila kitu kinakaa mahali pake. Alifariki akiwa na miaka 90 au karibu na hapo. Hiyo 1930 ya NIDA haiko mbali, lakini tarehe moja ya mwezi wa kwanza ndiyo wanayopewa watu wengi wasioijua tarehe yao, kwa hiyo usiifanye msahafu.

Ila Baba mkubwa hakutunga uongo, na hili ni muhimu umwambie kabla ya mengine. Bibi alimwambia kweli. Vita za Mjerumani zilikuwa mbili. Ya kwanza, ya 1914 hadi 1918, ndiyo iliyomtoa Mjerumani Tanganyika. Ya pili, ya 1939 hadi 1945, nayo wazee wetu wengi waliiita hivyo hivyo, kwa kuwa aliyepigwa ni yule yule. Mufindi iliiona vita hiyo ya pili kwa namna yake: walikuwapo walowezi wa Kijerumani wenye mashamba, na vita ilipotangazwa 1939 serikali ya Kiingereza iliwakamata na kuyachukua mashamba yao. Vijana wa huku wakachukuliwa kwenye jeshi la Mwingereza, KAR, wengine wakafika mpaka Burma. Mtoto aliyezaliwa 1934 aliyaona hayo akiwa na akili zake. Mwulize Shangazi kama Bibi aliwahi kusimulia mzungu wa shamba kuchukuliwa, au kaka aliyekwenda vitani asirudi. Mwulize pia kama aliwahi kuwataja wazungu wakimbizi, wanawake na watoto, waliokaa Ifunda au Kidugala. Hao walikuwa Wapolandi, walikuja miaka ile ya arobaini kwa ajili ya vita hiyo hiyo. Akisema ndiyo kwa lolote kati ya hayo, Baba mkubwa atabaki na vita yake ya Mjerumani, na jiwe litabaki na ukweli.

Hivi ndivyo hata makarani wa sensa wanavyofanya wakikuta mzee asiyejua mwaka wake: wanamtajia matukio. Nawe ukikaa na Shangazi usimwulize "ilikuwa mwaka gani", kwa sababu atakujibu "zamani" na mazungumzo yataishia hapo. Mwulize nani alikuwa mgongoni. Wakati wa njaa, ule mwaka wa unga wa Yanga, wa mahindi ya njano, Bibi alikuwa amembeba nani? Walipohamishwa, nani alikuwa anatembea na nani alibebwa? Nyerere alipofariki 1999, Bibi alikuwa bado anakwenda mahame au ameshaacha? Wanawake wengi wa rika hilo saa yao ni watoto wao, na huwa haikosei sana. Rekodi kwa simu, uweke simu mezani aione, na umwombe ruhusa.

Kwenye jiwe andika "Alizaliwa karibu mwaka 1934". Neno "karibu" halimpunguzii mtu kitu. Sijui nani alitufundisha kwamba mzee akifa lazima afikishwe mia. Miaka 90 ya jembe la mkono Nyanda za Juu Kusini inatosha kabisa, wala haihitaji kuongezewa chumvi. Tena mpigie fundi leo kabla hajaanza kuchonga. Kufuta marumaru ni gharama nyingine.

Sasa ulanzi.

Nitasema wazi nilipo: utajwe. Lakini sikubaliani na wewe kuusoma mbele ya mkutano ilhali Baba mkubwa amekukataza na bado hamjakaa. Huko kutakuwa ni kumvizia mzee madhabahuni, na Bibi yako, kwa jinsi ulivyomweleza, asingependa mwanawe avuliwe nguo mbele ya watu.

Kwanza elewa ulanzi ulikuwa nini kwa mwanamke kama yeye, kwa sababu nadhani hata Baba mkubwa amesahau. Fedha zilizoingia nyumbani wakati ule zilipitia wapi? Pareto ikiuzwa, mara nyingi mwenye jina kwenye kitabu cha ushirika ni mwanamume, hata kama vidole vilivyochuma maua ni vya mke. Mshahara wa mkonge ulikuwa Tanga, na mwenyewe unasema haukufika. Ulanzi ulikuwa wake. Hakuna aliyempimia, hakuna karani. Anakata ncha ya mwanzi mchanga, anatega chombo, anarudi jioni anakata tena kipande chembamba, kesho vivyo hivyo. Ukinywewa siku ile ile ni mtamu tu, hata mtoto anapewa. Ukilala unakuwa mkali, na huo ndio unaopendwa kilabuni.

Halafu angalia kalenda. Mlanzi unatoa masika, mvua zikishachanganya, Desemba na kuendelea. Shule za sekondari zinafunguliwa Januari. Januari hapa kwetu mahindi ya mlimani bado ni ya kijani, ghala limebakiza vumbi, na kinyungu kinatoa ya kula, hakitoi ya kuuza. Kijana amechaguliwa, na enzi zile waliochaguliwa walikuwa wachache kweli kweli. Serikali inamsomesha, sawa, lakini haimpi sanduku wala blanketi wala nauli ya kumfikisha getini. Ndani ya mwezi huo, kwa mama ambaye mumewe yuko mkongeni na hana barua, kitu pekee shambani mwake kinachotoa shilingi ni mwanzi. Ulanzi usingekuwapo, Baba mkubwa angebaki kijijini, na hilo analijua kuliko mimi na wewe.

Ndiyo maana nahisi (nikikosea mtanisamehe) kwamba kinachomsumbua si pombe tu. Mzee wa kanisa ana msimamo wake kuhusu ulevi, na mimi nauheshimu, nimeona nyumba zilizoishia kilabuni. Lakini kuna na aibu ya zamani. Mtoto anayejua mama yake aliuza kilabuni, akasikia wanaume walivyozungumza pale, hakui akaisahau. Umri wake leo ni karibu miaka sabini na bado anamkinga mama yake. Ukienda kwake ukamwona ni mnafiki, mtagombana. Ukienda ukamwona ni mtoto anayemkinga mama, mtazungumza.

Kwa hiyo nenda nyumbani kwake, si kwa simu. Simu ndiyo iliyoharibu mara ya kwanza: ulimsomea mtu habari za mama yake akiwa labda dukani au kikaoni. Nenda na Baba yako, hata akinyamaza akae pale, maana kuwapo kwake ni kura. Usianze na wasifu. Mwombe akusimulie safari yake ya kwanza kwenda shule: alipanda gari gani, lile sanduku la bati lilinunuliwa duka la nani, Bibi alimsindikiza mpaka wapi. Mwache aongee. Sidhani atafika mwisho wa hadithi hiyo bila kuutaja ulanzi mwenyewe. Akiutaja, mwambie: "Baba mkubwa, sehemu hii siisomi mimi. Tunaomba uisimulie wewe." Mzee wa kanisa akisimama akasema mama yangu alinisomesha kwa mwanzi wake, akanileta na kanisani kwa mkono huo huo, nani kwenye mkutano huo atanyanyua kidole? Wengi waliokaa kwenye viti vile wamesomeshwa hivyo hivyo, kama si ulanzi ni komoni, pombe ya nafaka.

Akikataa kusimulia lakini akakuachia usome, fanya fupi na kavu, bila kutetea. Kwa mfano: "Mwaka 1972 mwanawe alipochaguliwa kwenda sekondari, Bibi aligema ulanzi masika ile, akanunua sanduku, blanketi na nauli. Baada ya 1974 aliendelea kurudi mahame kugema, asubuhi na jioni." Basi. Ukiongeza maelezo kwamba zamani haikuwa dhambi, umeshaanzisha mahubiri na wewe si mwinjilisti.

Na akikataa kata kata? Hapo yeye ndiye mkubwa wa ukoo na ibada ni ya ukoo. Utasoma wasifu usio na ulanzi, ila nao usiwe na uongo. Usiandike kwamba Babu ndiye aliyewasomesha. Andika "aliwasomesha watoto wake wakati mume akiwa mkongeni Tanga", waliopo watajua, wala hawahitaji kuelezwa. Kisha ule wasifu mrefu, wenye kila kitu, uuandike kwenye daftari ugawe kwa wajukuu. Mwombe na Shangazi asimame aimbe hata hivyo. Kumnyima Bibi wimbo kwa sababu ya ugomvi na Baba mkubwa ni kumwadhibu asiyehusika.

Kuhusu zile kurasa tatu za majina na ugonjwa, hapo sina huruma. Nimekaa kwenye misiba mingi ya huku, na wasifu wetu umekuwa ugonjwa mtupu: alianza kuumwa tumbo, akapelekwa zahanati, akahamishiwa wilayani, vipimo vikaonyesha. Mtu kaishi miaka 90, sisi tunamsoma miezi mitatu ya mwisho. Sentensi moja inatosha: aliugua, tulimuuguza, akafariki. Nafasi inayobaki mpe kinyungu. Andika kiko bonde gani na alikuwa anapanda nini pembeni ya mahindi. Andika mbegu ya juu ya jiko, na kama kuna aliyebaki nayo mtaje kwa jina. Miaka ya sabini na themanini ilisemwa kwamba mikoa minne, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ndiyo inayoilisha nchi. Ni nani hao waliolisha, kama si wanawake wa aina ya Bibi yako, kila mmoja na magunia yake machache yakisubiri gari la Usagishaji, lile shirika la taifa lililonunua mahindi? Hilo likisomwa pale kaburini, wageni kutoka Dar watanyanyua vichwa. Andika na lile swali lake la mahindi ya Desemba kama alivyolitamka, usilisafishe.

Majina ya watoto yasomwe yote, pamoja na waliotangulia. Wajukuu taja idadi. Shahada zao ziache, zitasomwa siku za harusi zao.

Mama